Nimebadilishiwa valvu ya moyo, mbona EF imeshuka badala ya kupanda? Wenye uzoefu njooni

Mzee wa Lumbesa (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Uyole, miaka 43, kazi yangu kununua na kuuza viazi. Wiki saba zilizopita nilipasuliwa moyo huko Dar, wakatoa valvu ya aota iliyokuwa inavuja wakaweka ya chuma. Chanzo ni utotoni, yale mafindofindo ya koo yasiyotibiwa yakazaa homa ya rumatiki. Nimeishi nayo bila kujua, mpaka mwaka jana nilipoanza kupumzika mara tatu kwenye kilima nilichokuwa nakipanda na mzigo.

Upasuaji ulienda salama. Nilirudi kwa basi, na kona za Kitonga nilizipita nimekumbatia mto wa kulalia kifuani kama mama aliyebeba kichanga, maana kila tuta lilikuwa linazisemesha zile nyaya walizofungia mfupa wa kifua. Usiku nyumba ikitulia mke wangu anausikia moyo wangu, tik, tik, tik. Anasema siku hizi analala na saa ya ukutani.

Sasa kilichonileta. Jana nimepima eko, ile ultrasound ya moyo, hapa Mbeya. Kabla ya upasuaji EF, yaani ile asilimia ya damu inayosukumwa nje kila moyo ukipiga, ilikuwa 52. Jana imesoma 41. Aliyenipima akatikisa kichwa, akasema "moyo umechoka huu", akanipa karatasi akaita anayefuata. Sijalala. Nimeuza shamba, nimepasuliwa kifua, halafu moyo ndiyo unazidi kudhoofika? Mke nimemwambia majibu ni mazuri.

Kinyonga wa Loleza

Pole sana mkuu. Nimekaa kiti cha mbele, wataalamu waje.

Mama Tuntufye

Pole baba. Mume wangu alibadilishiwa valvu hiyohiyo mwaka juzi akiwa na miaka 68, ila yake ilikuwa imekakamaa na kubana, haikuwa ya kuvuja. Aliingia na EF ya 35, baada ya miezi mitatu ikawa 54. Kabla ya hapo alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu bila kuhema, mimi ndiye nilikuwa namfunga kama mtoto wa chekechea. Ndiyo maana yako inanishangaza, sikudhani inaweza kushuka.

Mnyalukolo Halisi

Kamwene. Hapo umewekewa feki mkuu, usijidanganye. Tafuta unga wa mlonge na maji ya vitunguu saumu, kikombe asubuhi na jioni. Mjomba wangu alikuwa na moyo mkubwa, sasa hivi anapasua kuni.

Fundi Eko

Mleta mada, mimi kupima mioyo ndiko kunakonilisha. Kabla hatujafika kwenye mlonge, chukua karatasi zako mbili, ya kabla na ya jana. Kuna mstari umeandikwa LVEDD au LVIDd. Huo ni upana wa chumba cha chini cha kushoto moyo ukiwa umejaa damu. Nitajie namba zote mbili. EF iache kwanza.

Mzee wa Lumbesa

Ya kabla 74 mm. Ya jana 62 mm.

Fundi Eko

Basi nenda kalale.

Kinyonga wa Loleza

😂😂 Mkuu fafanua bana, usimwache mtu njia panda.

Fundi Eko

Haya, nilikuwa na mgonjwa mezani.

Valvu ya aota ni mlango kati ya chumba cha chini cha kushoto na mshipa mkuu. Ikiwa inavuja, moyo unasukuma damu nje, ukilegea tu sehemu ya damu ile inarudi ndani. Kwa hiyo chumba kinapokea damu mpya kutoka kwenye mapafu juu ya ile iliyorudi. Mwaka hata mwaka kinatanuka ili kibebe mizigo miwili. Chumba cha kawaida kwa mwanaume hakizidi sana 58 mm. Chako kilifika 74.

Sasa EF yako ya 52 ilikuwa inakupamba. Tupige hesabu ya kukadiria. Chumba cha 74 mm kinabeba kama mililita 290. Asilimia 52 yake ni kama 150. Tuseme nusu ilikuwa inavuja kurudi. Mwili wako ulikuwa unapata 75, na moyo unafanya kazi ya 150. Kwenye karatasi inasoma vizuri kwa sababu mashine inahesabu damu inayotoka, haiulizi ngapi imerudi.

Leo chumba ni 62 mm, kinabeba kama 195. Asilimia 41 yake ni 80, na yote inakwenda mwilini, hakuna inayorudi. Yaani EF "imeshuka" huku mwili unapata zaidi kidogo ya zamani, na moyo unafanya karibu nusu ya ile kazi. Hiyo 41 ndiyo hali halisi ya msuli wako, na ilikuwepo tangu kabla hujapanda basi la Dar. Uvujaji ulikuwa unaificha.

Kwa mtu wa valvu iliyokuwa inavuja, cha kwanza kutazama baada ya upasuaji ni upana. Sehemu kubwa ya kupungua hutokea ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kisichopungua mapema ndicho hututia wasiwasi. EF inakuja nyuma, taratibu, miezi sita, mwaka, wengine hadi miaka miwili.

Huyo aliyekutikisia kichwa alisoma namba moja. Sitaki kumsema, siku ikiwa na wagonjwa 40 kichwa nacho kinachoka, lakini alipaswa kuiweka karatasi ya zamani pembeni ya mpya.

Mzee wa Lumbesa

Mkuu nimesoma hii mara nne. Nimetoka nje nikakaa kwenye gunia nikalia kama mtoto. Asante.

Mama Tuntufye

Fundi umeeleza hadi bibi ataelewa. Niulize ya kwangu basi. Kama mzee wangu ana 54, mbona akipanda kutoka kwa Mwampamba mpaka nyumbani bado anahema? Kule tulipompeleka wanasema moyo ni mzima. Huo uzima gani?

Fundi Eko

Mama, hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni nzuri kuieleza.

Valvu iliyobana ni kama kusukuma mlango uliokwama. Msuli unafanya kama mikono ya mbeba zege, unanenepa. Ukuta wa kawaida unene wake ni mm 10 au pungufu, mimi nimewahi kupima 17. Ukiondoa mlango uliokwama, mzigo unashuka siku hiyohiyo mezani, ndiyo maana EF ya mzee iliruka haraka. Msuli wake ulikuwa umeelemewa tu, haujafa.

Ila ule unene haushuki kwa siku moja. Mwingi unapungua ndani ya mwaka wa kwanza, kisha unaendelea kidogokidogo kwa miaka. Na kuna ujanja ndani yake: katikati ya nyama ya moyo kulikuwa kumeshaota nyuzi za kovu. Nyama hunywea haraka, nyuzi hubaki. Kwa muda moyo unasukuma vizuri lakini haulegei vizuri, ni mgumu kujaa. Akipanda mlima, damu inarundikana nyuma kwenye mapafu, anahema. EF haioni hilo, maana inapima kusukuma, haipimi kujaa. Nyuzi zile laini zilizotawanyika zinaweza kupungua na muda. Kovu nene la mahali ambapo msuli ulikufa halirudi tena kuwa nyama.

Angalia presha yake sana. Mtu aliyetoka kwenye valvu iliyobana halafu akaachia presha ikae 160, ni sawa na kurudishiwa mlango uliokwama, safari hii umehamia kwenye mishipa. Na baridi yetu ya Juni na Julai inabana mishipa, presha inapanda bila kubisha hodi.

Mnyalukolo Halisi

Mnatumia maneno mengi lakini mlonge ni mlonge.

Nesi Mstaafu Tukuyu

Wewe Mnyalukolo mwanangu, nakuja kwako.

Mwenye valvu ya chuma anakunywa warfarini maisha yake yote, kwa sababu damu ikigusa chuma inataka kuganda. Ikiganda, valvu inakwama au bonge linaruka kwenda kwenye ubongo. Warfarini inashindana na vitamini K, na vitamini K ipo kwenye majani ya kijani. Sasa umwambie mtu aanze ghafla vijiko vya unga wa majani kila siku, INR yake, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inaporomoka. Na vitunguu saumu kwa vikombe, siyo vile vya kuungia mboga, vinaweza kuongeza kutoka damu. Umempa sumu mbili zinazovuta kamba huku na huku, halafu unamwambia moyo utapona.

Mzee wa Lumbesa, mboga usiache. Kula figili, majani ya maboga, chainizi kama ulivyozoea, ila kiasi kisipishane sana wiki hadi wiki. Wanaoharibikiwa ni wale wanaokula nyama tupu mwezi mzima, mvua zikianza wanahamia kwenye mboga za majani asubuhi, mchana na jioni.

Kitabu chako kimeandikwa INR iwe ngapi?

Mzee wa Lumbesa

2.5 mpaka 3.5 mama. Jirani yangu wa wodini aliandikiwa 2 mpaka 3, nikadhani wamekosea.

Nesi Mstaafu Tukuyu

Hawajakosea. Valvu ya aota ya chuma kwa mtu asiye na shida nyingine ni 2 mpaka 3. Wewe msuli wako bado dhaifu, damu inatembea polepole, ndiyo maana wamekupandisha. Usifuate ya jirani.

Halafu dawa za dukani. Ukiumwa kichwa meza Panadol kwa kiasi. Diklofenaki na jamaa zake usiguse. Ukiandikiwa Flagyl au Septrin, sema kwa sauti kubwa "natumia warfarini", maana hizo zinapandisha INR mpaka unatoka damu kwenye fizi. Na jino likihitaji kung'olewa, mwambie daktari wa meno una valvu, utapewa antibayotiki kabla. Bakteria wa mdomoni wakikaa kwenye ile valvu, ni vita.

Sindano ya penisilini ya kila mwezi, ile ya kuzuia rumatiki isirudi, unaendelea nayo?

Mzee wa Lumbesa

Hapana mama. Nilijua valvu ikishabadilishwa imekwisha.

Nesi Mstaafu Tukuyu

Ndicho nilichokiogopa. Chuma hakipati rumatiki, lakini moyo una valvu nne, umebaki na tatu za nyama! Wiki hii nenda kliniki ukaulize, usisubiri tarehe.

Mzee wa Lumbesa

Ndaga fijo mama. Jumatatu naenda.

Misindano ya Mufindi

Naomba nichangie kwa upande mwingine, maana uzi unaelekea kuwa harusi.

Kaka yangu alikuwa na tatizo kama la mleta mada. Aliambiwa afanye upasuaji akiwa bado anatembea kwenda Mafinga na kurudi kwa mguu. Akasema anasubiri misindano yake ikomae auze mbao alipe. Ilikuwa na miaka tisa, akataka ifike kumi na tano ndiyo bei inakuwa nzuri. Kila tukimwambia anasema "naumwa wapi, si natembea?" Miti ilikomaa. Alipofika mezani EF ilikuwa 26 na chumba kimefika 80 na kitu. Valvu ikawekwa vizuri, haina kasoro mpaka leo ukiweka sikio unaisikia. Lakini msuli haukurudi. Miaka mitatu sasa, dawa nne, EF 30. Anakaa kwenye kiti mlangoni anaangalia visiki.

Sisemi kumtisha mtu. Nasema wale ambao mmeambiwa "valvu inavuja" na mnajisikia wazima, chumba kinatanuka kimyakimya. Msisubiri miti.

Fundi Eko

Pole kwa kaka. Hiki ndicho tunachokiona kila wiki. Msuli ulioelemewa kwa miezi unaamka mzigo ukishuka. Ulioelemewa kwa miaka, chembe zake zinakufa na kovu linachukua nafasi. Ndiyo maana madaktari hawasubiri mtu azidiwe: EF ikishuka kufika 55, au chumba kikijikaza bado kikazidi mm 50, wanaanza kuzungumzia kisu hata kama mgonjwa anacheza mpira. Lakini kaka asiache hizo dawa nne. Bila hizo asingekaa hapo mlangoni.

Mzee wa Lumbesa

Nimesoma ya kaka yako nikapoa. Mimi yangu kabla ya upasuaji ilikuwa 54 chumba kikijikaza, kumbe nilishavuka mstari.

Dawa zangu ni karvediloli, enalapril, spironolaktoni na Lasix nusu. Kuna mtu sokoni kaniambia zikiisha nisinunue tena, valvu mpya inatosha.

Nesi Mstaafu Tukuyu

Muulize kama na yeye atakuja kukuzika bure. Valvu imetoa mzigo, hizo dawa ndizo zinazousaidia msuli urudi umbo lake. Hakuna kuacha hata EF ikifika 50, mpaka daktari wa moyo aseme.

Mnyalukolo Halisi

Sawa mama nimekubali kichapo. Swali la dhati sasa: ulanzi vipi? Msimu ndiyo huu.

Nesi Mstaafu Tukuyu

Kwa msuli wenye EF 41, hapana. Pombe nyingi yenyewe inadhoofisha msuli wa moyo, na inachezea warfarini. Ulanzi na kimpumu hakuna anayejua nguvu yake, leo mtamu kesho mkali.

Kinyonga wa Loleza

Mimi niulize ambalo wote mnalifikiria. Tendo la ndoa?

Fundi Eko

😂 Nilikuwa nasubiri. Kipimo cha kijijini: ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili mfululizo bila kuhema sana wala kifua kuuma, moyo unaruhusu. Mfupa wa kifua ndio unaochelewesha, wiki sita mpaka nane, na usiulalie uzito juu ya mikono. Mengine mtajua wenyewe.

Hapohapo niseme la mzigo. Debe la maji ni kilo 20. Ndani ya miezi mitatu usiliguse. Lumbesa usiitazame hata kwa jicho. Bodaboda nayo subiri, siyo sababu ya moyo, sababu ya mfupa na barabara zetu.

Kutembea ndiyo dawa. Anza dakika kumi kwenye tambarare, ongeza kila wiki hadi nusu saa. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo siku za kwanza usijilinganishe na ulivyokuwa unatembea wodini. Ukishindwa kumaliza sentensi moja huku unatembea, punguza mwendo. Jipime uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, rudi kliniki. Na ile tik tik ikififia au kupotea, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo siyo ya kuandika hapa, ni ya kukimbia hospitali usiku huohuo.

Lulu ya Njombe

Nina miaka 29, valvu ya chuma, nataka mtoto. Nikiacha warfarini miezi tisa itakuwaje?

Nesi Mstaafu Tukuyu

Usiache mwenyewe mwanangu, valvu inaweza kuganda. Na usishike mimba ukiwa nayo bila mpango, inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Kaonane na daktari wa moyo na wa uzazi KABLA. Wapo waliozaa, lakini walipanga.

Mzee wa Lumbesa (mrejesho, miezi minne baadaye)

Wakuu nimerudi. Mengi yametokea.

Kwanza, mke wangu aliipata ile karatasi ya 41 kwenye mfuko wa koti. Hakunisemesha siku mbili, ananiwekea chakula anaondoka. Ya tatu akaniambia, "Kama ungekufa ningekuwa nimelala na muongo." Nikamfungulia uzi huu akasoma wote. Kwenye ngazi za ghorofa mbili alicheka, ndiyo tukasameheana.

Pili, INR ilinisumbua. Kuna mahali nilikuwa napimia, wiki tatu mfululizo nikaambiwa vitendanishi vimeisha, njoo kesho. Nilipopima kwingine kwa pesa yangu ilikuwa 1.6. Niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Sasa kila nikikaribia tarehe napiga simu kwanza, wakisema hakuna natafuta pengine siku hiyohiyo.

Tatu, sindano nimerudia. Inauma kama mama alivyosahau kuniambia.

Eko ya miezi sita: EF 47, chumba 57 mm. Aliyenipima safari hii aliomba karatasi za zamani mwenyewe, akazipanga tatu mezani.

Fundi Eko

74, 62, 57. Huo ndio mwendo. Tukutane mwaka ukiisha.

Mama Tuntufye

Mungu ni mwema. Mzee wangu naye presha tumeibana, sasa anapumzika mara moja tu njiani, na anasema anapumzika kwa sababu pale kuna mtu anauza karanga.

Mzee wa Lumbesa (mrejesho wa mwaka na mwezi)

EF 51, chumba 55 mm. Daktari kasema haijawa kama ya mtu ambaye hajawahi kuugua, na huenda isifike huko, ila kwa nilikotoka ameridhika. Lasix imeondolewa, zile nyingine zinaendelea.

Juzi nimekipanda kile kilima cha shambani. Nilisimama mara moja, kujibu simu.

Misindano ya Mufindi

Hongera sana. Kaka anakusalimia, nilimsomea. Anauliza viazi bei gani msimu huu.

Mzee wa Lumbesa

Mwambie vyake namtumia kwa basi la kesho, asilipe. Wengine njooni PM, bei tutaelewana, ila kubeba mtabeba wenyewe.